Siku Ishirini na Nane za Pesa Isiyoguswa

Barua ya chuo iliingia kwenye simu nikiwa nimesimama juu ya stuli dukani kwa mama, Kariakoo, nateremsha boksi la chupa za chai. Nilisoma mstari wa kwanza, nikashuka, nikakaa juu ya boksi lenyewe. Nilikuwa nimepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili Uingereza, mwaka mmoja, sayansi ya udongo, na ada yote ingelipwa na wafadhili. Mama alinikumbatia, akalia kidogo, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini ili jirani wa duka la pili asisikie:

"Udongo? Huu wa hapa una nini?"

Nikamweleza habari za rutuba, chumvi ardhini, na mikorosho ya kwao Mtwara inayozeeka kabla ya wakati. Akaitikia kwa kichwa kama anayeelewa. Kesho yake nikasikia kwa wateja kwamba naenda kusomea udaktari.

Furaha ilidumu mpaka nilipoanza kusoma masharti ya viza. Barua niliyokuwa nayo ilitaja ada tu. Haikusema neno kuhusu posho ya kula na kulala, ingawa siku ya usaili waliniambia ipo. Na mtu asiye na barua ya posho, masharti yalisema, aonyeshe fedha zake mwenyewe za kuishi kule. Kwa hesabu yangu ilikuwa kama milioni thelathini na nne. Tena si kuonyesha tu. Zikae kwenye akaunti yake siku ishirini na nane mfululizo, bila salio kushuka chini ya kiwango hata kwa siku moja.

Nilimwandikia mama mmoja wa ofisi ya wafadhili, nikamwomba barua inayotaja posho. Jibu lilikuja ndani ya sekunde tatu. Nilishangaa kasi ya wenzetu hadi nilipolifungua: yupo likizo, atarudi Septemba, ananitakia siku njema. Niliandika tena nikieleza uharaka wangu. Akanitakia siku njema tena.

Mjomba, mdogo wake mama, ndiye aliyeona kwamba tatizo letu kubwa halikuwa pesa bali kalenda. Alikuwa fundi pikipiki Buguruni na alilala sebuleni kwetu, kwenye vyumba viwili tulivyopanga karibu na mtaa wa Msimbazi. Aliitoa ukutani kalenda ya duka la rangi, akailaza mezani, akaanza kuhesabu kurudi nyuma kwa kalamu.

"Chuo wanataka ufike lini?"

"Jumatatu ya mwisho ya Septemba. Nisipojisajili siku hiyo, nafasi imekwenda."

"Viza inachukua muda gani?"

"Kama wiki tatu. Wakati mwingine pungufu."

"Halafu kabla ya hapo siku ishirini na nane." Kalamu ikapanda juu, ikavuka ukurasa, ikasimama Agosti. Alinitazama kwa uso wa fundi aliyekuta injini imepasuka. "Pesa iwe ndani Jumatano ijayo."

Ilikuwa Alhamisi.

Siku hizo sita sitazisahau. Mimi nilikuwa na milioni mbili, masalio ya mshahara wangu wa ualimu, mbali na nauli ya ndege na ada ya viza ambazo mama alinifichia. Mama alikuwa na milioni tisa za kununulia kiwanja Chanika. Alizitoa bila kusema chochote, na kutosema kwake kuliniumiza zaidi ya kama angelalamika. Mjomba akatoa milioni tano alizokuwa akidunduliza anunue bajaji. Shangazi, dada wa marehemu baba, aliyekuwa na biashara ya kukaanga na kuuza samaki kwenye soko la Feri, alisikiliza habari yote huku akigeuza vibua kwenye karai la mafuta.

"Kwa hiyo unaniambia nikupe pesa, uiweke, usiitumie, halafu unirudishie?"

"Ndiyo, shangazi."

"Sasa Wazungu wanapata nini hapo?"

"Wanataka kuona kwamba ninayo."

"Lakini huna."

"Sina, shangazi. Ila nikikopa kwako ninayo."

Aliepua vibua, akaviweka kwenye chujio vichuje mafuta. "Milioni nane," akasema. "Lakini mimi sina mkataba na Wazungu. Siku nikiihitaji, naihitaji."

Bado zilipungua milioni kumi. Zilitoka mahali ambapo hatukutarajia: kwa mzee wa duka la viungo lililotazamana na duka la mama. Babu yake alitoka Yemeni, na familia yao imeuza iliki na karafuu mtaa huohuo tangu kabla barabara haijawekwa lami. Kwa miaka ishirini yeye na mama walikuwa wamegombana kuhusu maji machafu ya mfereji, na sikumbuki kuwahi kumsikia akimsifu mtu. Nilimwamkia, "Shikamoo," akaitika "Marahaba" bila kuinua macho kwenye mizani yake. Nikaeleza. Aliendelea kupima pilipili manga.

"Mama yako aliwahi kunikopesha?" akauliza hatimaye.

"Sidhani, mzee."

"Hajawahi. Na mimi sijawahi kumkopesha. Ndiyo maana tunaheshimiana." Akafunga kile kifurushi cha pilipili. "Milioni kumi. Nataka kuiona siku ya kwanza ikiingia na siku ya mwisho ikitoka."

Jumatano tukaenda benki sote watano. Mhudumu wa dirishani alikuwa dada mwenye kucha ndefu. Alipofika kwenye fungu la shangazi alisita, akanusa vidole, akatutazama mmoja mmoja.

"Hizi zimetoka wapi?"

"Baharini," shangazi akajibu.

Zikahesabiwa, zikaingia. Ujumbe ukafika kwenye simu. Mzee alivaa miwani, akausoma mara mbili, akaniambia niupige picha. Salio lilizidi kiwango kwa shilingi elfu kumi na moja.

Kuanzia asubuhi ile nyumba yetu ikawa na pesa nyingi kuliko iliyowahi kuwa nayo, na tukaishi vibaya kuliko tulivyowahi kuishi. Kila mtu alikuwa ametoa hata akiba ya dharura. Gesi ilipoisha wiki ya kwanza tukahamia kwenye mkaa. Tulikula ugali na dagaa, kesho yake dagaa na ugali. Mjomba alitembea kwa miguu kutoka Buguruni hadi nyumbani kuokoa nauli, na kila alipofika kitu cha kwanza kilikuwa kuuliza habari za akaunti kama anayeuliza habari za mgonjwa.

"Ameshindaje?"

"Vizuri. Hajabadilika."

"Alhamdulillahi."

Sijui habari zilivujaje. Mama alimshuku mjomba, mjomba akamshuku dada wa kucha ndefu, mimi nilimshuku mama, maana mtu aliyeweza kugeuza udongo kuwa udaktari kwa siku moja anaweza mengi. Kufika wiki ya pili mtaa mzima ulijua kwamba nina milioni thelathini na nne benki. Wengine walisikia sabini. Kadi za michango ya harusi zikaanza kuingia, zikafika nane. Tatu zilikuwa za watu ambao sikuwajua kabisa, na moja ilinitaja kuwa mgeni rasmi. Mwenye nyumba, ambaye kwa kawaida hutuma mtu kudai kodi, alikuja mwenyewe, akakaa, akasifu mapazia yetu, kisha akadokeza kwamba maisha yamepanda na huenda kodi nayo ikapanda.

"Mapazia haya ni mashuka," mama alimwambia.

"Ndiyo maana nikasema mazuri," mwenye nyumba akajibu, na akaondoka akitafakari.

Halafu ikaja posa.

Walikuja wazee wawili wenye kanzu zilizonyooshwa vizuri, Jumamosi baada ya alasiri. Walikuwa wametumwa na muuza magodoro wa mtaa wa pili, mwanaume ambaye kumbukumbu yangu pekee kwake ni kwamba aliwahi kuniomba nisimame pembeni apitishe godoro. Walizungumza kwa adabu sana. Walisema kijana wao ameona binti mtulivu, mwenye malezi, mwenye msimamo. Mmoja wao akakohoa, akaongeza: "Na mwenye kujipanga kimaisha."

Mama aliwasikiliza hadi mwisho, akawakaribisha chai ya rangi isiyo na sukari, maana sukari nayo ilikuwa imeisha.

"Nimewasikia, wazee wangu. Naomba mrudi baada ya siku kumi na saba."

"Kwa nini kumi na saba?"

"Ndizo zilizobaki," mama akasema. Wakaelewa wanavyojua wao.

Siku ya kumi na tano shangazi alipiga simu asubuhi. Sauti yake ilikuwa kavu. Friji lake kubwa la kuhifadhia samaki lilikuwa limekufa, fundi amelifungua na kusema kompresa imeungua, na kifaa kipya ni cha kuagiza. Alikuwa na samaki wa oda ya hoteli mbili, na barafu ya kununua kila siku ingemmaliza.

"Mwanangu, naihitaji," alisema. "Nataka milioni tatu tu. Tano zikae."

Nilimweleza kwamba ikitoka hata elfu kumi na mbili, siku zote kumi na tano zinafutika, tunaanza moja, na kalenda haina tena nafasi ya kuanza moja. Nilisikia ngurumo ya mnada wa samaki nyuma yake.

"Basi nifanyeje, mwanangu? Niwaambie samaki wasubiri viza?"

Jioni ile tulikaa kikao. Mjomba alikuja na wazo.

"Magodoro," akasema.

"Magodoro yamefanyaje?"

"Yule kijana ana haraka. Tukimwambia alete mahari sasa, analeta. Mahari inaingia, shangazi anachukua yake, siku kumi na tatu zinakwisha, tunamrudishia jamaa chake kwa heshima. Tunamwambia binti amepata safari."

"Na mimi?"

"Wewe utakuwa umeposwa siku kumi na tatu tu. Hata pete hutaizoea."

Nilimtazama mama nikitegemea atamkemea. Mama alikuwa anafikiri. Nikaona macho yake yanahesabu. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze. Si kuogopa muuza magodoro, bali kuona jinsi sote tulivyokuwa tumefika mahali ambapo jambo kama lile lingeweza kujadiliwa na watu wazima walioketi.

"Mama!"

Akashtuka. "Hapana," akasema haraka. "Hapana, hapana. Nilikuwa nawaza tu."

Aliyetuokoa ni mzee wa viungo. Nilikwenda asubuhi kumweleza, kwa kuwa pesa yake nayo ingekuwa imekaa bure endapo shangazi angetoa yake. Alikuwa amekaa nyuma ya kaunta, na kando yake lilisimama friji la soda la mlango wa kioo ambalo kampuni moja ilimpa miaka mingi iliyopita. Ndani mlikuwa na chupa sita za maji na sahani ya tende.

Aliliangalia friji. Akaniangalia mimi. Akaliangalia tena friji, na uso wake ukaonyesha huzuni kubwa.

"Samaki wanakaa siku ngapi?" akauliza.

Kwa siku kumi na tatu, duka maarufu kwa iliki na mdalasini lilihifadhi samaki. Shangazi aliwaleta kwa bajaji kila asubuhi wakiwa kwenye ndoo za barafu, akawachukua mchana kuwapeleka hotelini, waliobaki wakalala mle. Wateja waliofuata binzari walikutana uso kwa uso na changu waliopangwa nyuma ya kioo, macho yametoka. Mama mmoja alinunua maji, akanywa funda moja, akairudisha chupa bila neno. Mwingine, mteja wa miaka mingi, aliuliza kwa upole kama mzee ameamua kubadilisha biashara.

"Hapana," mzee alimjibu. "Kuna mtoto anakwenda kusomea udaktari."

Masharti yake yalikuwa mawili: asubuhi na jioni duka lifukizwe ubani kwa gharama ya mjomba, na kila Ijumaa aletewe nguru wa kukaanga. Shangazi alileta. Mama, kwa aibu, alianza kumpelekea ndimu. Ule ugomvi wa mfereji, uliokuwa na umri wa miaka ishirini, sikuusikia tena mwezi ule wote.

Nilidhani hilo ndilo lingekuwa gumu kuliko yote. Lakini Jumapili, siku ya kumi na tisa, nikiwa nafuta ujumbe wa zamani kwenye simu ili nipate nafasi, niliona ujumbe wa benki wa mwisho wa mwezi uliopita. Ulisema nimekatwa makato ya huduma. Nikaangalia tarehe ya siku hiyo. Ilikuwa mwisho wa mwezi. Makato ya mwezi uliopita yalikuwa madogo, lakini mwezi huu tulikuwa tumeomba salio dirishani mara tatu kwa sababu mzee hakuamini simu, na kila kuomba kulikuwa na gharama. Elfu kumi na moja haikuwa na uhakika wa kutosha. Na benki, Jumapili, imefungwa.

Nilichukua elfu hamsini za mauzo ya mama nikatoka mbio. Wakala wa benki wa kwanza alisema hana floti, yaani salio la kuwekea wateja. Wakala wa pili alikuwa nayo ila mtandao ulikuwa umekatika, na alikuwa ameinua simu juu ya kichwa chake kama anayetega mvua. Kibanda cha tatu kilikuwa wazi lakini hakina mtu. Jirani akanionyesha saluni. Wakala alikuwa amekaa chini, nusu ya kichwa chake imesukwa, nusu nywele zimesimama.

"Dada, naomba uniwekee pesa benki. Ni dharura."

"Mgonjwa?"

"Ndiyo," nikasema, na wakati ule haikuwa uongo moyoni mwangu.

Alinihudumia palepale, kichwa chake kikivutwa nyuma na msusi, akisoma tarakimu za akaunti yangu kwa sauti ili saluni nzima isikie. Ujumbe wa kuingia ulifika saa tisa na dakika tano. Ujumbe wa makato ukafika saa kumi na moja. Nilipiga hesabu: bila ile elfu hamsini, salio lingeshuka chini ya kiwango kwa shilingi mia sita. Nilikaa kwenye ngazi za nyumba yetu. Mjomba alipofika na kuniuliza mgonjwa ameshindaje, nilimwambia alitaka kutuacha.

Siku ya ishirini na saba, Jumatatu, yule mama wa ofisi ya wafadhili aliandika. Sasa alikuwa anaandika yeye mwenyewe. Aliomba radhi kwa kuchelewa, akasema amekuta barua pepe nyingi, na ameambatanisha barua yangu kamili. Niliifungua. Ilitaja ada. Ilitaja posho ya kila mwezi, ya kutosha kula na kulala mwaka mzima, na ya kwanza ningeikuta nikifika.

Nilisoma barua ile mara mbili. Nilijua maana yake kwa ile milioni thelathini na nne, ila sikutaka kuijua. Nikaichapisha kwenye duka la vifaa vya ofisi, nikaitia chini kabisa ya faili langu, chini ya cheti cha kuzaliwa, na sikumwambia mtu. Ilikuwa imebaki siku moja.

Jumanne tukarudi benki kuchukua taarifa ya akaunti yenye muhuri. Karatasi ilitoka haraka. Muhuri haukuwepo. Yule dada wa kucha ndefu alifungua droo zote, akauliza wenzake, kisha akarudi na jibu.

"Muhuri umetoka."

"Umetoka kwenda wapi?" mzee akauliza.

"Bosi ameenda nao tawi jingine. Wa kwao umeharibika."

Tulisubiri saa tatu unusu. Shangazi alisinzia. Mzee alikaa wima kama yuko mahakamani. Muhuri uliporudi, ukiwa ndani ya bahasha, bosi mwenyewe akiushika kwa mikono miwili, mjomba alisimama. Ukagongwa. Tuliliangalia lile duara la wino wa zambarau hadi likakauka.

Jumatano nikaenda kwenye miadi yangu ya maombi ya viza. Mjomba alinisindikiza, akabaki nje kwa sababu ndani huingia mwenye miadi tu. Dada aliyenihudumia alikuwa mpole na mwenye haraka. Alipokea pasipoti, alama za vidole, picha. Akapitia faili langu karatasi kwa karatasi. Akafika kwenye taarifa ya benki, akaiweka kushoto. Akafika chini, kwenye barua. Akaisoma. Kisha akaichukua ile taarifa ya benki kwa vidole viwili na kunirudishia.

"Hii chukua tu. Wafadhili wako wanakulipia kila kitu. Barua inatosha."

"Siwezi kuiacha humo? Kama nyongeza?"

"Haihitajiki."

"Lakini ina muhuri," nikasema.

Alinitazama kwa huruma ya kweli. "Naona. Ni mzuri. Lakini haihitajiki."

Nilitoka nje nikiwa na karatasi mkononi. Mjomba alikuwa amekaa kwenye ukingo wa barabara, kwenye kivuli chembamba cha nguzo. Nilimwambia yote, na ya ile barua niliyoificha pia. Hakukasirika. Alitazama magari kwa muda.

"Hata hakuiangalia?"

"Aliangalia muhuri. Akausifu."

"Basi," akasema, na akapumua. Baadaye kidogo, mabega yake yakaanza kutetemeka. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, na nikajikuta nacheka naye, pale ukingoni, hadi mlinzi akaja kutuuliza kama tumenyimwa.

Mama alipoambiwa hakucheka. Alikaa, akavua kitambaa cha kichwa, akakikunja. "Kiwanja kile wamekiuza wiki iliyopita," alisema. "Lakini kulikuwa na maji ya mafuriko nyuma yake. Labda imekuwa heri." Sikuwahi kusikia habari ya maji hayo kabla. Nilimwomba radhi, akanizuia kwa mkono. "Hukutuibia. Kesho mpelekee shangazi pesa yake mapema."

Shangazi alichukua milioni zake nane, akazihesabu mbele yangu akiwa amesimama, akaniuliza swali moja tu: "Kwa hiyo Wazungu hawakuziona?"

"Hawakuziona."

"Shauri yao."

Kwa mzee nilikwenda mwisho, kwa sababu yeye nilimwogopa zaidi. Friji lilikuwa limesafishwa, mlango wake umeachwa wazi, na bado duka lilinuka Feri tupu. Niliweka pesa yake kaunta, nikamweleza bila kupunguza. Kisha akanyoosha mkono.

"Nipe hiyo karatasi."

Nikampa. Aliisoma kuanzia juu hadi chini, kila mstari. Akakata kipande cha karatasi ya gundi, akabandika juu ya jina langu na namba ya akaunti ili visionekane, akainua kioo cha kaunta, akaitandaza chini yake, akarudisha kioo. Tangu siku hiyo mteja akiuliza ni karatasi ya nini, humwonyesha ile tarakimu kubwa kwa kidole. "Humo ndani," huwaambia, "na mimi nimo."

Kilichobaki kilikuwa kusubiri. Nauli ya ndege ilipanda kila nilipoiangalia, na nisingeweza kuinunua bila viza, kwa hiyo niliacha kuiangalia. Wale washenga wa muuza magodoro walirudi kama walivyoambiwa, wakakuta habari za kwamba pesa imerudi kwa wenyewe. Walikunywa chai, safari hii ya sukari, wakasifu hali ya hewa na kuaga. Yule muuza magodoro, nasikia, alioa Oktoba.

Ujumbe kwamba pasipoti iko tayari ulikuja Ijumaa saa saba mchana, siku tatu kabla ya ile Jumatatu. Dirisha la kuchukulia lilifungwa saa tisa. Mjomba alinipakia kwenye pikipiki ya mteja iliyokuwa bado haijafungwa taa. Nilifika zikiwa zimebaki dakika kumi na mbili, nikapokea bahasha, nikaifungua palepale. Viza ilikuwemo, na picha yangu juu yake ilionekana kama ya mtu aliyekamatwa. Jioni hiyohiyo nilinunua tiketi ya Jumamosi, kwa nauli yote aliyonifichia mama pamoja na laki tatu ambazo alisema amezikuta tu.

Jumatatu asubuhi nilikuwa kwenye foleni ya usajili, katika ukumbi wenye baridi, nimevaa koti la mtumba lililonizidi mikono. Wakaniandika, wakanipa kitambulisho na ufunguo wa chumba. Ilikuwa rahisi kiasi kwamba nilibaki nimesimama mbele ya meza nikisubiri kuambiwa kinachokosekana. Binti aliyekuwa nyuma yangu akaniomba nisogee.

Nilinunua chakula kwenye mgahawa wa chuo, nikakaa dirishani, nikampigia mama. Nilisikia Kariakoo yote nyuma yake: spika za matangazo, mkokoteni, mtu akibishana bei.

"Umefika chuoni?"

"Nimefika, mama. Nimeshajisajili."

"Umekula?"

"Nakula sasa hivi."

"Unakula nini?"

Nikaangalia sahani. "Viazi."

"Na nini?"

"Na viazi vingine, mama. Hivi vimepondwa."

Nikasikia akifunika simu kwa kiganja na kumwambia mtu dukani, kwa sauti ya fahari, kwamba daktari amefika salama.